Ugawaji wa nyumba ya Gungu: barua kwa mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia hapa Kigoma, na nimeisoma pamoja na nakala ya hati uliyoiambatisha. Unauliza kama unaweza kudai hisa yako katika nyumba ya Gungu hata kama kaka yako hataki mgawane, na kama kumpeleka ndugu wa tumbo moja kwenye vyombo vya sheria ni kuvunja undugu. Kwa swali la kwanza jibu langu ni ndiyo, unaweza. Kwa la pili jibu langu ni hapana, na nitakueleza kwa nini, kwa kuwa katika miaka niliyokaa kwenye Baraza la Kata niliona ndugu wengi wakifarakana kwa ajili ya nyumba, na mara nyingi kilichowafarakanisha kilikuwa ni kule kuahirisha ugawaji mwaka hadi mwaka.

Anza na hati yenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua namna mbili za kumiliki ardhi kwa pamoja. Katika namna ya kwanza wamiliki hawana hisa zilizotengwa, na mmoja akifariki haki yake huwabakia walio hai. Katika namna ya pili kila mmoja ana hisa inayojulikana, na akifariki hisa hiyo huingia katika mirathi yake. Hati yenu ni ya namna ya pili: kaka yako nusu, wewe robo, mdogo wako robo. Hilo limekuondolea ubishi mkubwa, kwa sababu hakuna atakayesimama kesho kudai kwamba fedha uliyotoa wakati wa kununua ilikuwa mkopo au msaada. Hata hivyo hisa hiyo bado haina mipaka juu ya kiwanja. Huwezi kunyooshea chumba kidole ukasema hiki ndicho changu, na kaka yako naye hawezi, ingawa ndiye anayeishi humo. Wala usimsikilize huyo dalali anayekushawishi umuuzie mtu baki robo yako kimyakimya. Kuhamisha hisa kwenda kwa asiye mmiliki mwenzenu kunahitaji ridhaa ya wenzako, ambao nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya msingi.

Ugawaji una njia tatu, na watu wengi hudhani ipo moja tu. Njia ya kwanza ni kuikata ardhi yenyewe. Kwa shamba, hili ni jambo jepesi, lakini kwa kiwanja cha mjini lazima halmashauri ya manispaa iidhinishe mgawanyo kwa kuzingatia mipango miji, mpima aliyesajiliwa aweke mipaka mipya, kisha kila kipande kipate hati yake. Kiwanja chenu kina nyumba moja katikati, kisima kimoja na njia moja ya kuingilia. Mkikikata, atakayepata upande wa nyuma atakuwa amepata ardhi isiyofikika, na sioni manispaa ikiridhia. Njia ya pili ni mmoja kuwanunua wenzake. Njia ya tatu ni kuuza mali yote na kugawana fedha kulingana na hisa.

Mimi naona njia ya pili ndiyo inayowafaa. Kaka yako ameishi pale muda mrefu, watoto wake wanasoma hapo jirani, na wifi yako ameifanya nyumba hiyo kuwa makazi ya ndoa, jambo ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalilinda, kwa hiyo wifi yako ashirikishwe tangu mwanzo. Bei isipangwe na nyinyi wenyewe wala na dalali. Mtafuteni mthamini aliyesajiliwa, mchangie gharama zake kwa uwiano wa hisa zenu, na mkubaliane kabla hajafika kwamba mtaipokea thamani atakayoitoa. Ikiwa kaka yako hana fedha zote kwa mara moja, alipe kwa awamu kwa mkataba wa maandishi wenye tarehe na kiasi, na wewe usisaini fomu za kuhamisha hisa mpaka awamu ya mwisho iwe imelipwa.

Kabla ya bei, fanyeni hesabu. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapojificha. Vyumba viwili vya uani vimekuwa na wapangaji, na kodi yote imepokelewa na kaka yako. Una haki ya kuomba robo yako. Yeye naye alijenga uzio na kubadilisha bati kwa fedha zake, na amekuwa akilipa kodi ya pango la ardhi. Una wajibu wa kubeba robo ya gharama hizo. Kodi ya majengo iangalieni kwa makini, kwa sababu tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, na pale ambapo umeme umenunuliwa na wapangaji, kodi hiyo wameilipa wao, si kaka yako. Kila mmoja alete stakabadhi alizonazo. Jambo lisilo na stakabadhi lizungumzwe kwa uaminifu, na kama hamkubaliani liandikwe hivyo hivyo kwamba halijaafikiwa.

Kaka yako akiendelea kukataa, mwandikie barua ya madai yenye tarehe, ubaki na nakala. Kisha nenda Baraza la Kata. Zamani tulikuwa tukiamua mashauri pale, lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, na lina siku 30 za kufanya hivyo. Usuluhishi ukishindikana, litakuthibitishia kwa maandishi, nawe utafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo linapokea mashauri ya mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Ardhi isiyogawanyika bila kuharibu matumizi yake inaweza kuamriwa iuzwe, au hisa ya mmoja inunuliwe na wenzake. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Na ukiwa na hofu kwamba nyumba inaweza kuuzwa au kuwekwa rehani bila wewe kujua, weka zuio kwa Msajili wa Hati mapema.

Sasa swali lako la pili. Tuliwahi kuletewa mgogoro wa nyumba moja ya Ujiji iliyonunuliwa na ndugu wawili waliopendana sana, na kwa sababu ya kupendana hawakutaka neno la kugawana litamkwe. Walipofariki, kila upande ulihitaji msimamizi wa mirathi, wasimamizi hawakuelewana, na waliokuja mbele yetu walikuwa wajukuu ambao wengine hawakujuana hata kwa sura. Hakuna aliyeweza kusema nani alitoa nini. Wale wazee wangeketi siku moja na mthamini, jambo lingekwisha wakiwa hai na wakipendana. Ndiyo maana nakuambia kwamba kudai hisa yako waziwazi, kwa heshima na kwa maandishi, ni kumtendea kaka yako haki, na ni kuwaondolea watoto wake na wako deni ambalo hawakulikopa.

Mimi ni mama yenu nyote watatu, kwa hiyo sitakuwa shahidi wa upande wowote, na nakala ya barua hii nimewapelekea kaka yako na mdogo wako ili wasome maneno yale yale niliyokuandikia. Nimewaomba wakusanye stakabadhi zao, na wewe tafuta zako, hasa karatasi za benki za mwaka mlionunua. Mwezi ujao utakapokuja likizo tutaketi nyumbani kwangu, wifi yako akiwepo. Nijulishe tarehe utakayofika, ili nimtafute mthamini aende Gungu kabla ya siku ya kikao.

Mama yako