Maswali ya wasomaji: Radi ikitazamwa kutoka juu

SWALI: Usiku radi ikipiga upande wa Masisi, huku kwetu Goma anga zima huwaka. Nasikia setilaiti huzihesabu radi hizo na pia huchunguza hewa iliyo juu kabisa ya mawingu. Sasa kama inatazama toka juu, itajuaje mwanga wa radi ni upi na wa huko juu ni upi? (Msomaji, Himbi, Goma)

JIBU: Kwa rangi. Radi huchoma hewa hadi oksijeni itoe mwanga ulio ukingoni mwa mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 777.4. Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya iliyorushwa Desemba 2022, ina kamera 4 zenye kichujio cha rangi hiyo. Hupiga picha 1000 kwa sekunde, na panapong'aa ghafla kuliko kawaida yake huandikwa, hata mchana. Hudanganyika pia: jua likimeta ziwani, au chembe za mionzi zikigonga kamera, huonekana radi isiyokuwepo. Kwa hiyo nukta iliyowaka peke yake, bila jirani, hutupwa.

Kuchunguza hewa ya juu kunataka zaidi. Kifaa kiitwacho ASIM, kilichofungwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, hupima pia mwanga wa nanomita 337 na urujuanimno (mwanga uliopita zambarau, jicho haliuoni) wa nanomita 180 hadi 230. Ujanja wote uko kwenye huo urujuanimno: ule wa radi ya chini humezwa na oksijeni na ozoni njiani, ila uliozaliwa kilomita 80 au 90 juu hupenya. 777.4 ikiwaka peke yake, ni radi tu. Urujuanimno ukiruka nao, huenda ni elvu, pete ya mwanga inayotanuka mamia ya kilomita chini ya milisekunde 1, wimbi la sumakuumeme la radi likigonga sakafu ya ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme. Au ni spraiti (si soda), mwanga mwekundu wenye mizizi, kati ya kilomita 40 na 90.

Spraiti unaweza kuinasa mwenyewe. Mvua ya Masisi iko karibu mno, mawingu yake yatakuziba. Ngoja ya upande wa mji wa Baraka, kama kilomita 270 kusini, ziwani kukiwa kweupe. Lenga nyuzi 8 hadi 17 juu ya upeo. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10. Rekodi video, lenzi ya milimita 50 ikiwa wazi kabisa, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200 au zaidi, fokasi kwa mkono juu ya nyota. Mwanga wa volkano ya Nyiragongo utakuwa mgongoni. Taa za jiji ndizo za kukimbia.