Kwa mnaokwenda kuwachunguza watoto wa awali: safu ya tatu iacheni tupu

Juma lililopita nilikaa na madaftari 14 ya uchunguzi wa jinsia ya watoto yaliyorudi kutoka kwenye madarasa ya awali. Nilipofika la sita niliweka kalamu chini nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka, kwa kuwa kosa lililokuwa mbele yangu nililifanya mimi kabla baadhi yenu hamjaanza shule. "Mtoto wa kiume, miaka 4, anacheza mchezo wa kike." Wadogo zangu, safu ya kwanza ya fomu ni ya muda, ya pili ni ya tendo, na ya tatu ni ya tafsiri ambayo hujazwa tukiwa pamoja mezani. Ninyi mnaanza na ya tatu, halafu mnarudi nyuma kutafuta tendo la kuifaa.

1. Jinsi na jinsia si kitu kimoja. Jinsi, yaani mtoto kuwa wa kiume au wa kike kwa maumbile, mnaipata kwenye rejista ya mwalimu. Jinsia, yaani yale ambayo jamii humtarajia mtoto ayafanye na namna yeye mwenyewe anavyoyapokea, ndiyo mliyotumwa kuichunguza, na haiingii kwenye kisanduku cha kuweka vema.

2. Siku mbili za kwanza msirekodi chochote, kwa maana watoto watakuwa wanaigiza mbele yenu.

3. Jihadharini na maswali yenu kuliko mnavyojihadhari na majibu ya watoto.

Hapa sina budi kusimulia. Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo, nimezikariri hatua za mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg za mwaka 1966 kama jedwali la kuzidisha: kwamba karibu na miaka 3 mtoto hujitaja kuwa mvulana au msichana, baadaye kidogo huelewa kwamba mvulana hukua akawa mwanamume, na kwenye miaka 6 au 7 ndipo anaposhika kwamba nguo na nywele hazimgeuzi mtu. Nilimkalisha mvulana wa miaka 5 nje ya darasa nikamwuliza, "Ukivaa gauni, utakuwa nani?" Akajibu kwa furaha kwamba atakuwa mama. Nikauliza tena, nikidhani natafuta uhakika. Mtoto aliyelelewa kwetu anajua kwamba mkubwa akirudia swali, jibu la kwanza limekataliwa. Akabadilisha, akasema atakuwa dada. Nikauliza mara ya tatu. "Mwalimu," akasema, akininyooshea kidole, kwa sababu pale mwenye gauni nilikuwa mimi.

Niliandika kwamba hajafikia uthabiti wa jinsia, yaani ile hatua ya mwisho ya Kohlberg, kisha nikaingia darasani kumtazama kwenye kona ya nyumbani, pale wanapochezea vyombo na mapishi. Alikuwa amepanga mawe matatu, juu yake kifuniko cha ndoo, anageuza vijiti kwa kijiko na kugonga ukingo mara mbili kila alipomaliza. Wasichana wawili na mvulana mmoja walikuwa wamejipanga foleni. "Kavu au zege?" aliwauliza bila kuinua macho. Nikaandika: mchezo wa kike, dakika 20. Chini yake, kwa wino mwekundu, nikaongeza kwamba usaili na mchezo vinawiana.

Karatasi ile niliiacha juu ya meza ya mwalimu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwalimu, mtu mwema asiye na hila, alimsomea bibi yake mtoto aliyekuja kumchukua. Juma lililofuata nilimkuta mtoto kwenye kona ya ujenzi, amepakata matofali ya mbao bila kuyajenga, na foleni yake imetawanyika. Bibi alikuwa ameagiza asiguse vyombo tena.

Siku ya kikao cha wazazi alikuja baba mtu, mikono ina makovu madogo ya mafuta ya moto. Alikuwa na kibanda cha chipsi karibu na stendi, na kila jioni mwanawe alikaa juu ya kreti ya soda akimtazama anavyogonga kikaango mara mbili. Mtoto alikuwa akimwiga baba yake, hatua kwa hatua, pamoja na swali analowauliza wateja: chipsi kavu, au zege, yaani za mayai. Nami niliyekwenda kutafuta namna mvulana anavyojifunza uanaume nilikuwa nimeiona kwa macho yangu na kuiandika kuwa kasoro. Nilimwomba radhi. "Dada," aliniuliza, "kwani mlidhani chipsi zinajikaanga?"

Kuhusu swali lenyewe la gauni, watafiti Carol Martin na Charles Halverson walionyesha mwaka 1983 kwamba watoto wengi hujibu maswali ya aina ile kana kwamba wamealikwa kuigiza. Kwa Kiswahili mtego huu ni mkubwa zaidi, kwa sababu "utakuwa nani" ndiyo kauli yao ya kugawana nafasi: mimi nitakuwa baba, wewe utakuwa mtoto. Ulizeni mara moja, kisha ongezeni, "Kweli, au mchezo?" Msiseme "huyu kaka anapenda nini", maana jibu mtakuwa mmekwisha kulitoa. Viambishi vyetu vya nafsi havitaji jinsi, na hiyo ni bahati ya mchunguzi ambayo mwenzake anayetumia Kiingereza hana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulikuta kwamba watoto wanaozungumza Kiebrania, lugha inayotaja jinsi karibu kila mahali, walijitambua kuwa wavulana au wasichana mapema kuliko watoto wanaozungumza Kifini, ambao kiwakilishi chao ni kimoja kama chetu.

4. Kumbukeni vipara. Katika shule nyingi wavulana kwa wasichana hunyolewa, hivyo mtoto huwinda alama nyingine ya kumjua mvulana na msichana: sketi, tundu la sikio, rangi ya viatu. Msichana wa miaka 4 aliniambia kwamba mwenzake ni mvulana "leo", kwa kuwa amekuja na suruali ya michezo. Sandra Bem, mwanasaikolojia wa Marekani, alisimulia kwamba mwanawe wa kiume alikwenda shule na vibanio vya nywele, na mtoto mwenzake akashikilia kwamba wavaaji wa vibanio ni wasichana tu, hata alipoonyeshwa ushahidi usiobishika. Watoto hawa hawajachanganyikiwa. Wanatunga kanuni kwa alama tunazowapa sisi, na wakiwa wadogo huzishika kwa ukali kuliko hakimu.

5. Rekodini wawili wawili bila kuchungulia daftari la mwenzako. Mwaka 1976 John na Sandra Condry waliwaonyesha watu wazima mtoto yuleyule wa miezi 9 akishtuliwa na kikaragosi kinachochomoka kisandukuni; walioambiwa ni mvulana walielekea zaidi kuona hasira, na walioambiwa ni msichana wakaona woga.

6. Msiwe wepesi wa kutaja sababu. Eleanor Maccoby na Carol Jacklin waliripoti mwaka 1987 kwamba watoto wa miaka 4 na nusu walicheza na wa jinsi yao karibu mara 3 zaidi ya walivyocheza na wa jinsi nyingine, na kwenye miaka 6 na nusu ikawa mara 11, ingawa hakuna mtu mzima aliyewaamuru. Homoni za kabla ya kuzaliwa zina sehemu yake katika uchaguzi wa michezo, na kazi za nyumbani zina yake: Carol Ember, akiwachunguza Waluo wa Kenya, alikuta mwaka 1973 kwamba wavulana waliopewa kazi za ndani zinazohesabiwa za wasichana, mara nyingi kwa sababu nyumba haikuwa na binti mkubwa, walikuwa na ukali mdogo kuliko wenzao. Kwa hiyo kabla hujaandika "asili" au "malezi", uliza nani anachota maji nyumbani, na baba anafanya kazi gani.

Madaftari 6 nimeyarudisha. Mengine nayasubiri Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na atakayeleta safu ya tatu imejaa atarudi shuleni kwa nauli yake.