Ni Amazon iliyoiokoa The Expanse, si Netflix

Wapo wanaodhani kwamba Netflix ndiyo iliyoiokoa The Expanse, ile tamthilia ya televisheni ya hadithi za anga za juu. Hapana, si Netflix. Syfy, kituo cha televisheni cha Marekani, iliisitisha Mei 2018 baada ya misimu 3, na mwezi huohuo Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, akatangaza kwamba Amazon inaichukua. Ikaenda hadi msimu wa 6, ulioisha Januari 2022. Watu huchanganya kwa sababu nje ya Marekani misimu ya mwanzo ilionyeshwa Netflix. Nilikuwa kwenye ile kampeni ya #SaveTheExpanse (yaani "okoeni The Expanse") kule Twitter. Mashabiki walichanga hata pesa za kukodi ndege iliyopita juu ya Amazon Studios ikiburuta bango. Najivunia mpaka leo! Ila mitandao ya kijamii haikuanzisha kampeni kama hizi za mashabiki: mwaka 1968 mashabiki wa tamthilia ya Star Trek walikibana kituo cha televisheni cha NBC kwa barua za posta, na Star Trek ikapata msimu wa 3.