Asilimia 97 iliyoniumbua shambani Mkuranga

Juzi usiku nimepata ujumbe wa mdogo wetu mmoja, yuko mwaka wa mwisho chuoni: “Kaka, modeli yangu (programu ya kompyuta inayojifunza kwa picha) ya kutambua magonjwa ya mihogo inapatia picha 98 katika kila 100. Nitafute wafadhili au nifungue kampuni kwanza?” Nilitaka kumwandikia hongera, vidole vikagoma. Namjibu hapa, maana najua wengi mnaopita hapa mna ndoto hiyo hiyo: mkulima anapiga picha ya jani, simu inataja ugonjwa papo hapo. Ni ndoto yangu pia, na sijaiacha.

Mimi yangu ilikuwa 97.

Nilikusanya picha 1,900 za majani ya muhogo: yenye batobato, yenye michirizi kahawia (yote mawili ni magonjwa ya virusi), na majani mazima. Nikachukua modeli iliyokwisha kufundishwa kwa picha za vitu vya kila aina, nikaifundisha upya kwa picha zangu. Njia hiyo ilikuwa inajulikana. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya kazi kama hiyo kwa picha 2,756 zilizopigwa kwenye mashamba ya majaribio ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, karibu na Bagamoyo, wakafika asilimia 93. Namba yangu ilipotokea saa tisa usiku, nikaona nimewapita. Alfajiri nikampigia mama yangu kumwambia mwanao amefanikiwa.

Miezi miwili baadaye mradi mmoja ukanialika Mkuranga nionyeshe kazi yangu mbele ya wakulima na mabwana shamba. Nilivaa shati jipya. Mwenye shamba, mama mmoja wa makamo, akanichagulia shina. Nikainua simu, nikapiga jani la juu lililokunjuka vizuri. Jibu: mzima, asilimia 99. Watu wakapiga makofi.

Yule mama hakupiga makofi. Alishika shina kwa mikono miwili, akaling'oa, akachukua panga na kukata muhogo mmoja katikati. Ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Kisha akainama, akachuma jani la chini kabisa, akaniwekea kiganjani. Rangi ya njano ilikuwa imetambaa pembeni ya mishipa yake, na umbo la jani halikuwa limeharibika hata kidogo. Akaniambia kwa upole, “Mwanangu, unampima kichwa, mwenzio anaumwa miguu.”

Kiongozi wa mradi akafunga kikao. Aliniahidi ataniita, hakuniita. Baadaye nikasikia amesema vijana wa kompyuta hawajui shamba. Liliniuma na linaniuma mpaka leo, kwa sababu mimi nimekulia kwenye mihogo. Ila siku ile sikuwa nimeiangalia mihogo. Nilikuwa nimeangalia namba.

Hilo la majani ya chini halikuwa siri. Michirizi kahawia ilielezwa na mtafiti Storey mwaka 1936, enzi za kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanga, na wataalamu wa mimea wanajua kwamba dalili zake huonekana zaidi kwenye majani yaliyokomaa, wakati batobato hukunja na kudumaza majani machanga ya juu. Mimi nilipiga picha za juu kwa sababu zinafikika bila kuinama. Mdogo wangu, kabla hujagusa kompyuta, kaa na bwana shamba akuonyeshe ugonjwa unakaa wapi kwenye mmea.

La pili nililigundua nyumbani. Kila shina nilikuwa nimelipiga picha sita au saba, kisha nikachanganya zote na kuzigawa kibahati, nyingine za kufundishia na nyingine za mtihani. Kwa hiyo mtihani ulijaa mashina yale yale ambayo modeli ilikwisha kuyaona. Isitoshe, wagonjwa karibu wote niliwapiga kwenye shamba moja asubuhi, wazima kwenye shamba jingine jua la saa sita. Nikazichukua picha chache, nikayafunika majani yote kwa rangi nyeusi, nikabakiza udongo na mwanga tu. Modeli ikaendelea kutoa majibu yale yale! Ilikuwa imejifunza mashamba yangu mawili, haijajifunza ugonjwa.

Wakubwa nao yamewakuta. Mwaka 2016 modeli iliyofundishwa kwa picha 54,306 za PlantVillage, mkusanyiko wa picha za majani ulio wazi kwa wote, ilifika asilimia 99.35, lakini ilipopewa picha zilizotoka kwingine ikashuka hadi asilimia 31 hivi. Waliofanya kazi hiyo waliandika wenyewe bila kuficha, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Mwaka 2022 ikaonyeshwa kwamba kwa nukta 8 tu za mandhari ya nyuma ya picha hizo, bila jani lenyewe, modeli inapatia asilimia 49.

Kwa hiyo gawa picha zako kwa shamba. Mashamba ya mtihani yasiguswe kabisa wakati wa kufundisha. Nilipofanya hivyo, 97 yangu ikawa 61. Namba ya namna hiyo, hata ikiuma, ndiyo yako ya kweli. Na ukitumia data ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyowekwa Kaggle, tovuti ya data na mashindano ya modeli, picha 21,367 za majani ya muhogo, kumbuka zaidi ya nusu ni batobato, hivyo modeli inayotamka “batobato” kwa kila picha tayari inapita nusu bila kujua chochote. Angalia kila ugonjwa peke yake. Piga majani kadhaa ya shina moja, ya juu na ya chini. Hata Nuru, programu ya simu ya kutambua magonjwa ya mimea inayofanya kazi bila intaneti, hupatia zaidi ikipewa majani 6 kuliko 1. Na nenda shambani. Narudia, nenda shambani, siyo siku moja ya kupiga picha na kuondoka. Mkulima akikuamini akang'oa mihogo aliyoitegemea, amekula hasara kwa ajili ya namba yako. Tumheshimu.

Yaliyofuata ni misimu miwili ya kuinama, sitawachosha nayo. Mwezi uliopita nilirudi kwa yule mama. Akanichagulia mashina matano yenye ugonjwa, simu ikapatia manne. La tano tulilichunguza jani kwa jani, juu mpaka chini, wote wawili hatukuona kitu. Alipolikata muhogo, kahawia tupu. Akasema hata yeye jani lisingemwambia, ameng'oa kwa sababu majirani zake wote wawili wanaumwa. Nikapiga picha 30 za shina hilo. Usiku huu ndizo ninazoziwekea lebo, na nimeanza kuandika pembeni hali ya mashina ya jirani.