Muulize Mjomba: Kwa nini Optimus Prime alikufa, na barua nyingine

Toleo lililopita niliandika juu ya katuni za miaka ya themanini, na barua zilizokuja karibu zote zinauliza habari za Transformers, wale roboti wanaogeuka magari, na G.I. Joe, wale askari wa midoli. Nimefurahi kupita kiasi, maana hawa ni watu wangu. Nimechagua hizi chache.

Shikamoo Mjomba. Mimi na kaka yangu tuliangalia ile filamu ya zamani ya katuni ya Transformers, ya mwaka 1986. Optimus Prime, kiongozi wa roboti wema, anakufa filamu haijafika hata nusu! Kaka anasema hadithi nzuri lazima iwe na huzuni. Mimi naona ni ukatili tu. Nani kati yetu yuko sahihi?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Tanga*

Marahaba, mpwa wangu. Huzuni ya pale ni nzuri kweli, kaka yako hajakosea: nyekundu na buluu zinamtoka mwilini taratibu mpaka anabaki kijivu, na wenzake wamesimama hawana la kufanya. Lakini kifo chenyewe kiliamuliwa na kampuni ya midoli, Hasbro, wakati huo ya mji wa Pawtucket katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Midoli ya mwaka 1984 ilikuwa imeshauzwa miaka miwili, na mipya ya 1986 inasubiri nafasi dukani. Basi wale wa zamani wakauawa kwenye filamu ili wapya, akina Hot Rod na Ultra Magnus, wapate kuonekana. Yalikuwa mahesabu ya biashara.

Ambacho hawakukitegemea ni kilio cha watoto. Watoto walilia kwenye majumba ya sinema, wazazi wakalalamika, na mwaka uliofuata Prime akafufuliwa kwenye televisheni. Wakati huohuo Hasbro walikuwa na filamu nyingine jikoni, ya G.I. Joe, ambayo kamanda Duke alipangiwa kufa humo kwa kuchomwa mkuki wa nyoka kifuani. Ukiiangalia leo unaona kabisa kuwa mtu huyu anakata roho. Ila maneno yamebadilishwa, tunaambiwa kapoteza fahamu tu. Duke yuko hai kwa sababu watoto walimlilia Prime.

Mimi ninachotaka ujiulize ni hiki: kwa nini walimlilia? Roboti yule hakuzaliwa Marekani. Alitengenezwa Japani na kampuni ya Takara, katika mfululizo wa midoli ulioitwa Diaclone, na huko alikuwa mashine tupu. Hakuwa na nafsi. Aliendeshwa na rubani mdogo wa plastiki mwenye sumaku miguuni, na ndiyo maana baadhi ya magari ya Transformers ya 1984 bado yana kiti kidogo cha dereva ndani, kiti ambacho hakina mwenyewe. Hasbro waliponunua haki za midoli hiyo walikwenda Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni wa New York, wakaomba hadithi. Jim Shooter akaandika chanzo cha vita vya Cybertron, sayari ya roboti hao. Denny O'Neil akatoa jina la Optimus Prime. Halafu, Novemba 1983, mhariri aitwaye Bob Budiansky akapewa siku chache tu awape karibu wote waliobaki majina na tabia. Yeye ndiye aliyeandika nani mwoga, nani mropokaji, nani ana kinyongo, nani anawapenda binadamu. Hasbro walilikataa kwanza jina la Megatron kwamba linatisha mno. Budiansky akawajibu kuwa huyo ndiye adui mkuu, asipotisha yeye atatisha nani? Jina likapita.

Kisha ikaja sauti. Peter Cullen, mwigizaji wa sauti ya Prime, alikuwa na kaka yake aliyepigana Vietnam katika kikosi cha Marine. Cullen alipokuwa anakwenda kufanyiwa majaribio, kaka yake alimuusia asiigize shujaa wa kupiga kelele. Shujaa wa kweli ana nguvu za kutosha kuweza kuwa mpole. Msikilize Prime tena ukiwa na hilo kichwani. Hapandishi sauti hata anapotoa amri. Watoto walikuwa wanamlilia mtu waliyemzoea, na waliomfanya mtu walikuwa mwandishi mwenye siku chache na mwigizaji aliyemsikiliza kaka yake.

Na kama unataka kifo ambacho ni cha hadithi kweli, katafute toleo namba 24 la kitabu cha Marvel, la 1987, lililoandikwa na Budiansky mwenyewe. Prime na Megatron wanapigana ndani ya mchezo wa kompyuta, wamekubaliana kuwa atakayeshindwa atalipuliwa. Prime anashinda, lakini ushindi wake unawaua viumbe wadogo wa ndani ya mchezo, wasio na hatia. Ni viumbe wa kompyuta, hawapo. Anasema hapana, nimeivunja misingi yangu, nimeshindwa mimi, na anadai alipuliwe. Wanamlipua. Kijana aliyetengeneza ule mchezo anabaki na akili ya Prime kwenye diski moja. Wapo wanaokiona kifo hiki cha ajabu ajabu. Mimi kwangu ndicho kinachomweleza Prime ni nani.

Mjomba, habari za siku. Mtoto wangu wa kiume ana miaka saba, ameona mdoli wa askari kwa jirani, sasa hana usingizi. Mzee wangu amekataa kununua, anasema midoli ni ya wasichana. Pia ananiuliza kwa nini tumfundishe mtoto vita. Nisaidie la kumwambia.
*Mama wa wawili, Nakuru*

Dada yangu, mume wako ameuliza maswali mawili na yote mawili ni ya maana, ila la kwanza lilijibiwa zamani. Mwaka 1964 Hasbro walikuwa na hofu hiyohiyo. Walikuwa wameona Mattel wanavyouza Barbie tangu 1959, mdoli mmoja na nguo zisizokwisha, wakataka kufanya hivyo kwa wavulana: askari wa urefu wa karibu sentimita 30, viungo vinavyokunjika, na sare, buti, bunduki, mahema vya kununua kimoja kimoja. Wauzaji wao walikatazwa kabisa kumwita mdoli. Wavulana hawakujali. Walimvika na kumvua, wakamlaza, wakamwamsha, mchezo uleule wa dada zao. Kwa kuwa sura ya binadamu haiwezi kuwa mali ya kampuni, walimwekea kovu kwenye shavu la kulia ili akiigwa ajulikane, na kuna ukucha wa dole gumba uliowekwa upande usio wake. Mwambie baba mtoto kuwa wavulana wanacheza na midoli hii kwa zaidi ya miaka 60 sasa na wamekua wakaoa.

Swali la vita ni zito zaidi, nami sitaki kulipita juu juu. Wazazi wa Marekani waliliuliza wenyewe wakati wa vita vya Vietnam. Majeneza yalikuwa yanarudi nyumbani, na askari wa plastiki akaanza kudoda madukani. Hasbro wakambadilisha: kufikia 1970 alikuwa mpelelezi na mwokoaji mwenye ndevu, anasaka hazina na kupambana na wanyama wakali. Alirudi kuwa askari mwaka 1982, akiwa mdogo wa kuingia mfukoni, chini ya sentimita 10, na safari hii adui yake hakuwa nchi wala kabila la mtu yeyote. Adui aliitwa Cobra, genge la kubuni lililopendekezwa na watu wa Marvel, kwa sababu Hasbro walikuwa na mashujaa bila wa kupigana naye.

Maoni yangu, dada: mnunulie. Miaka saba ni umri wa kuuliza nani mwema na nani mbaya, na ni afadhali aulize akiwa na kitu mkononi na wewe uko karibu. Ila ukae naye siku moja umwulize huyu askari anaitwa nani, mama yake yuko wapi, anaogopa nini. Utashangaa majibu. Na huyo wa pili, kama ni msichana, naye apewe wake. Scarlett, askari wa kike, alikuwemo kikosini tangu hiyo 1982.

Mjomba, hapa kinyozi tunabishana tangu Jumamosi. Yule ninja mweusi wa G.I. Joe, Snake Eyes, ni bubu wa kuzaliwa au aliapa kutosema? Mteja mmoja anasema alimsikia akiongea kwenye filamu.
*Kinyozi, Mwanza*

Wote mna sehemu ya ukweli, isipokuwa aliyesema bubu wa kuzaliwa. Katika vitabu vya Marvel, ambavyo ndivyo asili, alipata ajali ya helikopta wakiwa njiani kwenda kazini. Moto ulimharibu uso na sauti, na aliungua kwa sababu alibaki nyuma kumwokoa Scarlett. Habari ya kiapo imetoka kwenye filamu za baadaye. Na mteja wako amesikia vizuri: katika filamu ya 2021, iliyochezwa na Henry Golding, Snake Eyes anaongea.

Weusi wake una sababu nyingine. Mwaka 1982 gharama za rangi zilikuwa zinabana, wakaamua mdoli mmoja atoke na plastiki nyeusi tupu, bila tone la rangi. Hana sura, hana alama. Mtu mwingine angempa jukumu la kusimama nyuma. Larry Hama alimpa siri.

Jina hilo, Larry Hama, liandikeni ukutani hapo saluni. Ni Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyekuwa jeshini wakati wa Vietnam, na ndiye aliyeandika karibu vitabu vyote 155 vya G.I. Joe vya Marvel, kuanzia 1982 hadi 1994. Alijiandikia faili la kila askari ili asiwachanganye: cheo, mahali alipozaliwa, kazi aliyosomea, tabia. Hasbro walipoyaona mafaili hayo wakayachapa nyuma ya kadi ya kila mdoli. Mtoto aliyekuwa na pesa ya mdoli mmoja tu alisimama dukani akisoma maisha ya askari wote. Kwenye kadi ya Snake Eyes, jina ni siri, alikozaliwa ni siri. Hebu niambie, ungemwacha dukani?

Halafu mwaka 1984 Hama akatoa toleo namba 21, ambalo halina neno hata moja ndani. Hakuna maongezi, hakuna maelezo, hata mlio wa bunduki haukuandikwa. Scarlett ametekwa na kufungiwa kwenye ngome ya Cobra. Snake Eyes anashuka kwa parachuti kwenda kumtoa, na mwishoni mkono wake unafunuliwa, una alama nyekundu sawasawa na ile iliyo mkononi mwa ninja adui yake, Storm Shadow. Kitabu kinaishia hapo. Wasomaji walisubiri miezi kujua hawa wawili walikuwa nani kwa nani. Bishaneni kuhusu hilo, ndugu zangu. Lina utamu kuliko la ububu.

Transformers na G.I. Joe wanaishi dunia moja? Wakipigana nani anashinda?
*Hakuandika jina, Bujumbura*

Wamekutana mara nyingi kwenye vitabu. Mara ya kwanza katika mfululizo wa matoleo manne ya Marvel, 1986 hadi 1987, na jambo la kwanza walilofanya askari ni kumlipua Bumblebee, roboti mwema wa upande wa Prime, kwa kudhani ni adui. Akatengenezwa upya akawa Goldbug. Kwa hiyo siku hiyo walishinda askari, na waliijutia.

Mjomba, nauza mitumba Kongowea. Kwenye belo la vitu vya watoto nimepata roboti mdogo anayegeuka gari na askari wawili wa plastiki. Askari mmoja amekatika katikati, miguu huku kifua kule. Ni vya zamani kweli? Huyo aliyekatika nimtupe?
*Muuza mitumba, Mombasa*

Usimtupe! Hajavunjika. Askari wa G.I. Joe wa miaka ya themanini walishikanishwa kifua na miguu kwa mpira mmoja mweusi wa mviringo uliofichwa tumboni. Mpira huo ukizeeka unakauka na kukatika, na mtu anabaki vipande viwili. Mgeuze mgongo utaona skrubu moja. Ifungue kwa bisibisi ndogo ya nyota, taratibu, maana kichwa cha skrubu huliwa haraka. Kifua kitafunguka mbele na nyuma, na mikono na kichwa vitadondoka, kwa hiyo fanyia kazi hiyo juu ya sahani. Toa mabaki ya mpira, nenda nayo kwa muuza vifaa vya bomba, mwambie akupe oringi ya ukubwa huo. Upitishe kwenye kile kichuma cha miguu, rudisha kila kitu mahali pake, kaza skrubu bila nguvu. Akiwa anasimama mwenyewe umemaliza. Usimpe silaha kwa kulazimisha: dole gumba ndilo linalovunjika, na hilo halina dawa.

Umri wake umeandikwa kwa herufi ndogo sana chini ya mgongo, pamoja na jina la Hasbro. Mkunje pia mkono juu ya kiwiko: ukizunguka kulia na kushoto ni muundo wa 1983 au wa baada yake; usipozunguka huenda una wa 1982, na huyo usimuuze kwa bei ya belo.

Roboti naye mtafute alama ya mraba ndogo nyeusi mwilini. Kuanzia 1985 Hasbro waliibandika kuzuia bandia. Iwekee kidole uisugue mpaka ipate joto. Kama bado ni nzima, itatokea sura ya Autobot, kundi la Prime, au ya Decepticon, kundi la Megatron. Ikiwa hakuna alama, soma maandishi: Takara ni ndugu wa Transformers. Ukikuta Bandai na Tonka, huyo ni GoBot, waliokuwa washindani wao, na bado ana wateja. Nitumie picha ya hayo maandishi, iliyopigwa kwa karibu kwenye mwanga wa jua, nikuambie jina lake.