Maswali yenu kuhusu The Crowd na ndoa ya John na Mary

Tangu nilipoitaja The Crowd, filamu ya King Vidor ya mwaka 1928, maswali hayajakoma. Kwa ambao hawajaiona: John Sims, karani wa New York, anamuoa Mary baada ya kujuana kwa muda mfupi, kisha maisha ya mjini yanaanza kuwabana. Nimechagua maswali machache.

Hii filamu ina sauti? (Tabora)

Haina. Ni filamu bubu, na swali hili nimelijibu zaidi ya mara moja. Maneno yanasomwa kwenye vibao vya maandishi, na muziki ni sehemu ya filamu. Ukizima muziki kisha ukalalamika kwamba inachosha, umejinyima mwenyewe.

Kosa si la John? Mvivu, kazi yake kuota tu. Mary anamvumilia wa nini? (Mombasa)

John si mvivu. Anaamka, anakwenda kazini, anakaa kwenye meza namba 137 ndani ya ukumbi uliojaa meza zinazofanana, na jioni anarudi kwake. Tatizo ni kwamba tangu mtoto aliaminishwa kuwa atakuwa mtu mkubwa, na hadi anaoa bado anausubiri huo ukubwa umfuate nyumbani. Mary akigusia pesa, jibu ni lile lile: vumilia, mambo yangu yatanyooka.

Itazameni vizuri ile asubuhi ya ugomvi. Choo kibovu, mlango wa kabati haukai, maziwa yanamrukia, na John analalamika mpaka kuhusu nywele za mkewe. Anatoka kwa hasira. Mary anamwita kupitia dirishani, anamwambia ana mimba, na mume yule yule anageuka mpole kabisa, anaahidi kwamba kuanzia leo atamtunza. Ahadi ni deni, na hili halilipwi. Kinachommaliza Mary si umaskini wa kile chumba chao ambacho treni hupita nje ya dirisha lake. Ni kusubiri.

Halafu kuna mashemeji. Kaka zake Mary walimdharau John tangu mwanzo, wakaendelea kumdharau mezani kwake. Mnawasahau kila mara mnapoandika "kosa la nani". Filamu ya ndoa si kesi ya baraza la usuluhishi ambayo lazima mmoja ashinde. Na wewe ambaye kila mwezi unamwambia mwenzako asubiri dili kubwa, mwambie pia kodi ya mwezi huu inatoka wapi.

Sehemu gani ilikugusa zaidi? (Dodoma)

Kifo cha binti yao. John ameshinda dola 500 kwa kubuni maneno ya tangazo la biashara. Wazazi wanasimama dirishani wakiwaonyesha watoto zawadi, wanawaita waje mbio, na mtoto anagongwa na lori wakimtazama. Baadaye, mtoto akiwa kitandani, John anatoka nje akiinua mikono kuwasihi watu na magari wanyamaze. Polisi anamrudisha na kumwambia dunia haiwezi kusimama kwa sababu mwanawe anaumwa. Hapo ndipo ndoa inapovunjika moyo, miezi kabla Mary hajafunga mizigo.

Mwisho wake ni wa furaha? Rafiki yangu anasema aliona mti wa Krismasi. (Nairobi)

Miisho iliyotolewa ilikuwa miwili. Vidor alipiga kadhaa akitafuta unaofaa, na studio ya MGM ikawaachia wenye kumbi za sinema wachague kati ya miwili. Wa mti wa Krismasi unawapa utajiri na kila kitu kinakuwa sawa. Huo ni uongo, msiupotezee muda. Ule wa kweli unawaacha kwenye ukumbi wa maonyesho wakicheka, huku kamera ikirudi nyuma mpaka wanamezwa na umati unaocheka vile vile. John amepata kibarua cha kuvaa kama mchekeshaji wa sarakasi na kutembeza tangazo barabarani, kazi ambayo zamani aliicheka. Mary amebaki, ila hakuna kilichotatuliwa. Wamepata jioni moja.

Waliocheza walikuwa mke na mume kweli? (Zanzibar)

Hapana. Eleanor Boardman, aliyecheza Mary, alikuwa mke wa Vidor mwenyewe, na waliachana mwaka 1931. James Murray, aliyecheza John, alikuwa mwigizaji wa ziada tu kabla Vidor hajamchukua. Pombe ilimharibia kazi, na mwaka 1936 alikufa maji katika mto Hudson, New York.

Nianze na hii au Sunrise ya Murnau? (Kigoma)

Sunrise, filamu bubu ya mwongozaji F.W. Murnau ya 1927. Ile inasamehe. Hii inakudai.

Naweza kuionyesha kwenye banda umiza, mkalimani akiisimulia? (Mwanza)

Unaweza, na nakuunga mkono. Japani filamu bubu zilikuwa na wasimulizi wao, benshi, na watu walikuwa wakimfuata msimulizi kama wanavyomfuata nyota wa filamu. Kwa sheria za Marekani hakimiliki yake iliisha Januari 1, 2024, lakini muziki ulioongezwa baadaye, kama ule wa Carl Davis wa 1981, una wenyewe. Mkalimani asome vibao, kisha anyamaze ile sehemu ya mtoto. Na jihadhari na vipande vya dakika kumi vinavyosambazwa simuni kama "muhtasari": filamu nzima ni dakika 100 hivi, na nakala fupi sana ujue imekatwa.