Droni Mafia: kabla ya yote, ujue maji yanajaa saa ngapi

Mkuu, umesema unakwenda kisiwa cha Mafia Desemba, una droni yako ya kwanza na unataka kupiga picha za potwe, yule papa mkubwa mwenye madoadoa, kutoka juu. Mimi nilikwenda Januari, miaka miwili iliyopita, na hamu hiyo hiyo.

Vibali kwanza. Kuna usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuna idhini ya Wizara ya Ulinzi, na ukiingia eneo la Hifadhi ya Bahari kuna wenyewe pia wa kuwaomba. Usikate tiketi kabla havijatoka. Potwe huonekana zaidi Oktoba hadi Machi, upande wa magharibi mbele ya mji wa Kilindoni, na uwanja wa ndege uko hapo hapo Kilindoni. Kwa hiyo usifikirie kurusha kimyakimya. Ndege ndogo za Dar zinapita chini mno zikikaribia kutua.

Betri zipande nawe kwenye mzigo wa mkononi.

Sasa kisa chenyewe. Siku moja tulikwenda kwenye fungu la Mange, ule mchanga mweupe unaotokeza maji yakipwa. Ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Siku za bamvua huku maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na saa kumi jioni yamejaa, tofauti yake zaidi ya mita 3. Nahodha aliniambia mapema, "Bwana mdogo, saa saba hapa pa kuogelea." Nikacheka.

Saa sita unusu nikarusha betri ya mwisho, nimeiweka droni kwenye mchanga mkavu, hatua chache kutoka majini. Nikamwona kasa, nikamfuata mbali, macho yote kwenye skrini. Betri ikashuka, droni ikaanza kurudi yenyewe. Ilirudi vizuri kabisa, pale pale iliporukia, ila pale palikuwa maji ya kufika kwenye ugoko! Nilibonyeza kuipandisha kwa kuhangaika, nahodha akatia mbio na kuidaka kwa chini. Kidole chake kilichanwa na panga la droni. Mpaka leo nikikumbuka naona haya, maana yeye ndiye aliyenionya.

Kurusha kutoka kwenye mashua ni hatari ile ile kwa sura nyingine: chombo kinachukuliwa na mkondo, lakini droni inakumbuka mahali kilipokuwa. Zima ile ya kurudi yenyewe, au ibadilishe pointi ya kurudi kila baada ya muda, na uanze kurudi betri ikiwa nusu. Upepo wa kaskazi ukivuma, kwenda unakoelekea ni rahisi kuliko kurudi. Na usiirekebishe dira ukiwa umekaa jirani na mashine ya boti, chuma kinaichanganya.

Mwangaza: watu watakwambia asubuhi na jioni. Kwa fukwe sawa. Kwa kuona ndani ya maji unataka jua la juu na filta ya kukata mng'ao, vinginevyo utapata kioo tu.

Jambo ambalo hukuliuliza. Kwenye visiwa vidogo vya Chole na Jibondo nyumba zina nyua, na ndani ya ua mama yuko bila mtandio wake, anapika, anafua. Droni ikipita juu umeingia ndani ya nyumba bila hodi. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, eleza, muonyeshe picha. Mimi nilipofanya hivyo nilisindikizwa na watoto kama thelathini. Kinamama wanaotafuta pweza kwenye miamba nao waulize kwanza. Na mti wa popo pale Chole uache, wanalala mchana.

Kuhusu potwe: nina picha mbili nzuri tu. Zote nilipiga nikiwa majini na kamera ndogo ya kuazima, droni ikiwa begini.